Mashine Yazima Dakika ya Nane

Nyasi za Tudor, Mombasa, mwezi wa Mei hazina haya. Masika yakishamwaga wiki mbili tatu, unazikata Jumapili na Ijumaa inayofuata zakupapasa magoti. Uani kwa mama pana kipande cha kutosha mahema mawili na viti mia, na akdi ya ndoa ya mpwa wangu ilikuwa Jumamosi. Mimi nilianza kuhangaika Jumatatu.

Mashine ya kukatia nyasi tunayo. Marehemu baba aliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama Nyali, na enzi za uhai wake hapakuwa na mwingine wa kuigusa. Baada yake kaka zangu wawili wamerithi maoni juu ya mashine hiyo. Mimi nimerithi kamba ya kuvuta. Ni injini ndogo ya petroli, ya mipigo minne: tangi juu, kabureta ya kuchanganya petroli na hewa ubavuni, na kipira chekundu cha kubonyeza kabla hujavuta. Ilikuwa imekaa baraza ya nyuma tangu Januari, imefunikwa turubai, na ndani ya tangi mna petroli nusu niliyoiacha mwenyewe. Hilo la kuiacha petroli nusu liweke akilini.

Nikabonyeza kipira mara tatu, nikavuta. Mvuto wa pili ikashika. Moja, mbili, tatu. Kimya. Nikabonyeza tena, nikavuta tena, ikaitika kwa sauti ileile ya kunitia moyo, na baada ya sekunde tatu ikanyamaza. Nilirudia mpaka bega likaanza kunidai.

Nikampigia kaka yangu mkubwa, yuko Changamwe.

"Plagi hiyo," akasema kabla sijamaliza.

Hapa Mombasa ukisema injini yasumbua, kuanzia muuza mahamri mpaka msimamizi wa msikiti watakwambia ni plagi, kile kidude cha kutoa cheche ya kuwasha petroli. Nami nikatii. Nikapanda tuktuk mpaka Mwembe Tayari, nikanunua plagi mpya shilingi 450, nikarudi, nikafunga, nikavuta. Moja, mbili, tatu. Kimya kilekile, sasa kwa shilingi 450 zaidi.

Nilikaa kwenye ngazi na kikombe cha chai, na hapo ndipo nilipojiuliza swali ambalo ningejiuliza kabla ya kupanda tuktuk. Plagi iliyokufa itanipaje sekunde tatu? Kama haina moto, injini haiwaki kabisa, hata kwa bahati. Hii yangu yawaka kila mara, tena vizuri, halafu yakata. Maana yake moto upo. Sasa zile sekunde tatu zinatoka wapi? Zinatoka kwenye kipira. Ukikibonyeza, kinasukuma tone la petroli moja kwa moja hadi kwenye koo la kabureta. Injini inakula tone hilo, inafurahi, inageuka kutafuta la pili, na la pili haliji.

Mashine isiyowaka na mashine inayowaka kisha ikazima ni wagonjwa wawili, na wengi wetu tunawapa dawa moja. Huyu wa pili ana faida: amekupa saa. Hesabu muda anaoishi kabla ya kukata roho. Anayezima kwa sekunde tatu ana shida yake, anayezima kwa dakika kumi ana yake, na yule anayeguguma akiingia kwenye nyasi nzito tu ni wa tatu. Siku ile nilijua hivyo nusunusu. Kufika Jumatano nilikuwa nimeyajua yote, na yalinigharimu.

Jumanne asubuhi nikaenda kwa kijana anayetengeneza bodaboda pale kona yetu, chini ya mkungu. Alikuwa na pikipiki nne kwenye foleni na mikono imejaa grisi hadi viwikoni. Nikamweleza.

"Kabureta, dadangu. Jeti imeziba."

"Unazijua za mashine za nyasi?"

"Kabureta ni kabureta. Ya boda, ya jenereta, ya nyasi. Ileile tu, udogo na ukubwa." Akanipa spana ya kumi na bisibisi bapa kwenye kopo, akanionya kwamba nikipoteza ile sindano ndogo nisirudi kwake nikilia.

Basi nikaifungua mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, juu ya sinia ya kupetea mchele ya mama. Hakujua, akisoma hapa ndiyo atajua. Sinia ile ina faida moja kubwa: kitu kikidondoka hakibingirii mbali.

Kwanza nikachomoa waya wa plagi. Hili ni la lazima kabla ya kugusa lolote chini ya mashine au karibu na kisu, kwa sababu kisu kimefungwa kwenye mhimili uleule wa injini, na injini yenye petroli kidogo kooni inaweza kupiga pigo moja ukikizungusha kwa mkono. Pigo moja latosha kukuondolea vidole. Kisha nikabana mpira wa petroli kwa kibanio cha nguo, nikaweka bakuli la plastiki chini, nikafungua nati ya chini ya kabureta.

Bakuli la kabureta likatoka na petroli yake, na harufu iliyonipiga haikuwa ya petroli. Ilikuwa harufu ya rangi ya mafuta iliyosahaulika stoo. Rangi yake ya chai ya rangi. Chini kabisa palikuwa na matone mawili ya maji, yamejikusanya peke yao kama zebaki, yakikimbia kila nilipoinamisha. Na kuzunguka maji hayo, pale kwenye chuma, unga mweupe. Watu wa Pwani tunaujua unga huo. Ndio ule unaoota kwenye madirisha ya alumini na kwenye kufuli la geti. Hewa yetu ina chumvi na unyevu mwaka mzima. Tangi lenye petroli nusu lina nafasi ya hewa juu, usiku hewa hiyo inapoa, unyevu wake unageuka matone, matone yanazama chini ya petroli kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, na sehemu ya chini kabisa katika safari yote ya petroli ni hilo bakuli. Petroli yenyewe nayo ikikaa miezi, ile sehemu nyepesi inapaa na inayobaki inaganda kidogokidogo kuwa gundi.

Kaka yangu mdogo anashikilia kwamba petroli ilichanganywa mafuta ya taa huko nilikoinunua. Mchezo huo ulikuwako kweli, hata mwaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuyaondolea urahisi wake na kuuzima uchanganyaji. Lakini sitamsingizia muuza petroli kwa kosa la miezi minne barazani.

Jeti ni kipande cha shaba, kidogo kuliko punje ya mahindi, kimesimama katikati ya kabureta, na kina tundu ambalo petroli yote ya injini inapitia. Nikakifungua kwa bisibisi taratibu, maana shaba ni laini na kichwa chake kikiliwa umekwisha. Nikakiinua usawa wa jua. Sikuona kitu. Tundu lilikuwa giza tupu. Nikachukua waya wa umeme wa zamani, nikauchuna, nikatoa uzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele, nikaupitisha polepole. Sindano ya kushonea usiitumie, chuma kitalipanua tundu, na injini itakunywa petroli kupita kiasi maisha yake yote. Uzi ukakwama, ukapita, ukatoka na uchafu wa rangi ya asali. Nikaosha kwa petroli safi, nikapuliza, nikainua tena kwenye jua. Nukta moja ya mwanga, duara kamili. Nimehitimu, nimepandishwa cheo kazini mara mbili, nimewahi kushinda kesi ya kodi ya nyumba, na bado sikumbuki kitu kilichonipa furaha safi kama nukta ile.

Boya, lile linaloelea ndani ya bakuli, nikalitikisa sikioni kusikia kama lina petroli ndani, halina. Sindano yake ya kufungia petroli ncha haijalika. Tangi nikalimwaga lote, nikalisuuza, nikatia petroli ya siku ileile. Nikafunga kila kitu, nikamrudishia kijana spana zake na soda ya baridi juu.

Nikabonyeza, nikavuta. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Ikaendelea. Nikaisukuma hadi kwenye mwembe, nikakata mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Harufu ya nyasi mbichi ikajaa uani. Nilikuwa natunga kichwani ujumbe wa kumtumia kaka wa Changamwe, ujumbe wenye neno plagi ndani yake mara nyingi kuliko inavyohitajika, mashine ilipopunguza sauti, ikakohoa mara mbili, ikazima.

Nikafungua kifuniko cha tangi kuangalia. Petroli imo tele. Nikafunga, nikavuta, ikawaka mara moja. Nikakata tena. Ikazima. Nikafungua kifuniko, petroli imo, nikafunga, nikavuta, ikawaka. Mara ya tatu nikawasha saa ya simu. Dakika nane na kidogo. Mara ya nne, dakika nane. Jua likazama nikiwa nimekata robo ya ua, na kile nilichokata kina umbo la nywele za mtoto aliyemkimbia kinyozi.

Jumatano asubuhi nikaanza na jambo jepesi. Nikachomoa waya wa plagi, nikailaza mashine, kabureta ikiwa upande wa juu. Ukiilaza upande wa kabureta, mafuta ya injini yanaingia kwenye chujio la hewa, na utakuwa umejitafutia ugonjwa wa pili. Chini ya mfuniko wa kisu palikuwa na tope la nyasi mbichi, kijani kibichi, limeshikana kama kisamvu kilichopikwa kikakauka sufuriani. Nyasi za masika zina maji, zinaganda pale na kukinyima kisu nafasi ya kuzunguka, na injini ndogo inachoka. Nikakwangua lote. Nikakitazama kisu pia kama kimegonga jiwe, maana kisiwa hiki kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ukichimba shibiri moja unakutana nao, na kisu kikigonga kwa nguvu kinaweza kukata kile kipini kidogo kinachoshikilia gurudumu la injini, na tangu hapo moto unatoka kwa wakati usio wake. Kisu kilikuwa salama. Nikavuta. Dakika nane.

Nikaenda dukani. Sitalitaja duka, na wala si muhimu, kwa kuwa nina hakika ningejibiwa vivyo hivyo kwingine. Bwana aliyenihudumia alinisikiliza kwa uvumilivu, akasema injini ikizima baada ya kupata moto, hiyo ni koili. Akanieleza vizuri tu: koili ndiyo inayotengeneza umeme wa plagi, ndani yake mna waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mizunguko, ikizeeka ikapata joto waya huachana na moto hukatika, ikipoa hurudi. Bei 6,500. Au, akasema, dada, kwa umri wa hiyo mashine, mbona usinunue mpya? Na mpya ilikuwa pale nyuma yangu, nyekundu, imefungwa utepe kama mwari.

Kila alichosema ni kweli. Koili hufa hivyo. Lakini nikiwa nimekwisha kutoa mkoba, kuna kitu kikanikereketa. Koili hurudi ikipoa. Yangu haingoji kupoa. Inazima, natazama petroli, navuta, na inawaka ikiwa bado yachemka, hata sekunde thelathini hazijapita. Injini ya chuma haipoi kwa sekunde thelathini, hasa si Mombasa. Nikarudisha mkoba, nikaaga kwa heshima. Utepe ule ulikuwa mzuri lakini.

Nyumbani nikawasha, nikangoja dakika nane, ikazima. Safari hii sikufungua tangi. Nikaisukuma kivulini, mbali na mtungi wa petroli, nikafungua plagi, nikairudishia waya wake nikiwa nimeikamata kwa koleo lenye mpini wa mpira, nikaigusisha mwili wake kwenye chuma cha injini, mama akavuta kamba. Cheche ya buluu, kavu, yenye sauti. Ta! Moto upo, koili ni nzima, 6,500 zimebaki mkobani. Nikaitazama plagi yenyewe kwenye ncha. Plagi ya injini iliyozidiwa petroli inakuwa imelowa, inanuka. Hii ilikuwa kavu kama ulimi wa mfungaji saa kumi na moja jioni.

Tangi limejaa, jeti ni safi, plagi kavu. Petroli ipo na haifiki.

Nikaifungua kabureta mara ya pili, kwa ukaidi tu. Ilikuwa safi kama nilivyoiacha. Nikachomoa mpira wa petroli, petroli ikamwagika vizuri, nikaurudisha. Nikajiona kichaa. Kila kitu nikikikagua ni kizima, na vyote vikiwa pamoja vinakufa dakika ya nane. Magharibi ikaadhiniwa nikiwa nimekaa chini, sinia mapajani, na mama amekwisha kuiona sinia.

Baada ya swala akapita ami. Si ami wa damu, ni jirani, ila tangu tuko wadogo tunamwita hivyo. Miaka mingi alikuwa mtu wa mashua, akivua na kuvusha watu, na injini za kufunga nyuma ya mashua amezifungua nyingi kuliko kurasa nilizosoma. Sasa macho yamechoka, anatembea na mkongojo, na kila siku huja kumsalimia mama na kunywa kahawa yake barazani.

"Mwanangu, hiyo yafanyani?"

"Yazima, ami."

"Baada ya muda gani?"

Ndiye mtu wa kwanza wiki nzima kuniuliza swali hilo. "Dakika nane. Kila mara."

"Kisha wafanya nini?"

"Nafungua tangi natazama petroli. Imo. Nafunga, navuta, yawaka."

Akaweka kikombe chini. Akacheka mpaka mkongojo ukaanguka. "Yaani wewe waiponya mwenyewe kila mara, na hujui kama waiponya!"

Nikabaki nimemtumbulia macho.

"Sikiza. Tangi la mashua, lile jekundu la kubeba, lina skrubu ndogo juu ya kifuniko. Ukiondoka lazima uifungue, tangi lipate pumzi. Kijana mpya kila siku husahau. Anawasha, anakwenda vizuri, akifika katikati ya mkono wa bahari injini yakata. Anavuta anavuta, anatukana plagi. Ukitizama tangi limebonyea mbavu. Petroli inatoka na hewa haiingii, basi mwisho petroli hukataa kutoka." Akamgeukia mama. "Kopo la maziwa wewe hulitoboa matundu mangapi?"

"Mawili," mama akajibu. "Moja maziwa hayatoki."

"Haya. Ya kwenu ina tundu moja."

Nilitamani ardhi ya Tudor ipasuke. Kila nilipofungua kifuniko kutazama petroli nilikuwa natia hewa ndani ya tangi, nalipa tangi pumzi ya dakika nane nyingine, kisha nakifunga, nikijisifu kwamba nimehakikisha petroli si tatizo. Kukagua kwangu ndiko kulikokuwa matibabu, na ndiko kulikonificha ugonjwa siku mbili.

Tukajaribu palepale, kwa taa ya simu. Nikawasha, tukangoja tukiwa kimya watu watatu kama tunaongoja mwezi wa Idi. Dakika ya nane ikakohoa, ikazima. Nikavuta bila kufungua kitu. Haikushika. Nikavuta tena na tena, wapi. Ami akaniashiria niinamishe sikio, nilegeze kifuniko taratibu. Nikalegeza robo mzunguko.

Fsss.

Hewa ikaingia kwa mnong'ono mrefu, kama mtu anayevuta pumzi baada ya kuzamia. Nikavuta kamba, ikawaka mvuto wa kwanza.

Sasa kifuniko. Vifuniko vya matangi haya vina tundu dogo la hewa, pengine juu, pengine kando kwenye nyuzi, na vumbi au chumvi huweza kuliziba; dawa yake ni kuosha na kupuliza. Nikakipeleka chini ya taa ya jikoni nikitarajia uchafu. Tundu la juu lilikuwa wazi. Nikakigeuza. Ndani, chini ya mpira mweusi wa kuzuia kuvuja, kulikuwa na duara la nailoni laini, limekatwa kwa mkasi, limelowa petroli na kushikana na mpira kiasi cha kuonekana ni sehemu ya kifuniko. Upande mmoja bado lilikuwa na nusu ya herufi nyekundu. Nailoni ya mkate.

Mkate ule nakumbuka nilivyoula. Ilikuwa Novemba, mvua za vuli, maji yalikuwa yameingia tangini, na nikagundua yanapitia kile kitundu cha kijinga kilichotobolewa juu ya kifuniko. Kosa la kiwanda, nilifikiri. Nikakata nailoni, nikaipachika chini ya mpira, nikajipongeza. Desemba na Januari nilikuwa nakata vipande vidogo tu kando ya geti, dakika tano hivi, sikuwahi kufika ya nane. Halafu nikasahau. Mifuko ya nailoni Kenya imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, lakini mkate bado unakuja umevishwa, na mimi nilikuwa nimetunza.

Ami hakusema neno. Aliomba kahawa nyingine.

Alhamisi niliamka na alfajiri, nikangoja umande upungue, nikaanza saa tatu. Simu niliiweka juu ya ukuta, saa inakwenda. Dakika ya saba nilikuwa natembea kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Ya nane. Ya tisa. Ya kumi nikaacha kutazama. Kusi ilikuwa inavuma kutoka upande wa bahari, inapeperusha vipande vya nyasi mpaka kwenye kamba ya nguo, mama akalalamika juu ya kanga zake, nami sikumsikia kwa sababu ya kelele, na kelele ile ilikuwa tamu.

Nilikata chini ya mwembe, nikazunguka kisima cha zamani, nikafuata ukuta wa jirani. Mashine ilizima baada ya dakika arubaini na tano. Moyo ukaniruka. Nikalegeza kifuniko, sikio karibu. Hakuna mnong'ono. Nikachungulia tangini nikaona chuma kitupu.

"Imezima tena?" mama akaita kutoka dirishani.

"Imekwisha petroli, mama!"

Zilizobaki pembeni nikazimaliza kwa slasha. Kabla ya kuirudisha barazani nikaiwasha tena na kijipetroli kidogo, nikaiacha ijifie yenyewe, ili bakuli la kabureta libaki kavu mpaka safari nyingine. Likabaki suala la mvua. Kifuniko lazima kipumue, na maji lazima yasiingie. Nikaona dawa ni kukifunikia kitu kwa juu bila kukiziba, kopo lililopinduliwa hivi, likae tu kama kofia. Nikamwomba mama kopo tupu.

Akanipa la maziwa. Nikaligeuza, nikamrudishia: lina matundu mawili.